Julai Isiwe ya Wenye Pesa Peke Yao

Kambi ya mdahalo ya kiangazi ndiko unakoanzia msimu wa mdahalo katika shule za Marekani. Mada ya mdahalo wa sera kwa mwaka wa masomo wa 2025–2026 iliitaka serikali kuu ya Marekani iongeze kwa kiasi kikubwa uchunguzi au uendelezaji wa eneo la Aktiki. Wasiwasi wetu hauko Aktiki. Uko Julai. Mashindano hufunguliwa shule zikifunguliwa, lakini ushindi hutayarishwa Julai, na Julai inanunuliwa.

Wanaokwenda kambini ni wanafunzi wa sekondari pamoja na wadogo zao wa darasa la sita hadi la nane. Wengi hulala katika mabweni ya vyuo vikuu, kwa wiki moja, mbili, tatu au zaidi. Michigan, Dartmouth na Emory ni miongoni mwa vyuo vilivyojijengea jina kwa kazi hii. Northwestern, jirani na Chicago, ilianza kuwapokea wanafunzi wa sekondari wakati wa kiangazi mwaka 1931.

Siku ya kambi ni ndefu. Kuna mihadhara kuhusu mada, kisha wanafunzi hugawanywa katika vikundi vidogo vinavyoitwa maabara, na mara nyingi anayeongoza kikundi ni kijana wa chuo aliyewahi kung'ara katika mashindano hayo hayo. Humo makala na ripoti husomwa mstari kwa mstari. Kifungu kinachofaa hunukuliwa kama kilivyo, kikaandikiwa jina la mwandishi, sifa zake na tarehe, kikawa kadi ya ushahidi. Kadi hizo zikikusanywa, ndizo silaha ya mwaka mzima.

Baada ya kusoma huja kusema. Mdahalo wa sera huwakutanisha wawili dhidi ya wawili: hotuba nne za kujenga hoja, dakika nane kila moja, na nne za kujibu, dakika tano kila moja, na katikati yake maswali ya dakika tatu tatu. Wasemaji wengi husoma kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata. Ndiyo maana jambo la kwanza kufundishwa ni kusikiliza huku ukiandika, hoja ya mpinzani katika safu yake na jibu kando yake, kwa sababu hoja iliyoachwa bila jibu huhesabiwa kuwa imekubaliwa. Wasiopenda kasi hiyo wana njia nyingine. Upo mdahalo wa mmoja kwa mmoja uliopewa majina ya Lincoln na Douglas, walioshindana jukwaani Illinois mwaka 1858, na upo mdahalo wa hadhara, ulioanzishwa 2002 ili hata msikilizaji wa kawaida aweze kuufuata.

Katika yote hayo mwanafunzi hutakiwa kutetea pande zote mbili. Raundi moja anaunga mkono, raundi inayofuata anapinga, kwa mada ile ile. Hapa ndipo baadhi ya wazazi wanaozungumza Kiswahili huko Marekani huingiwa na hofu, kwamba mtoto atarudi nyumbani mjeuri, wa kujibizana na wakubwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kambi haifundishi hivyo. Anayemkatiza mwenzake anaweza kupoteza alama, na anayemdharau mpinzani hukemewa. Mtoto hufunzwa kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho kabla hajafungua kinywa, na hakuna mzee wa baraza asiyelitaka hilo.

Basi tatizo ni nini? Tatizo ni Julai, na Julai inanunuliwa. Kambi ya bweni hugharimu maelfu ya dola, bado nauli. Mwenye nazo humpeleka mwanawe kila mwaka. Asiye nazo hukutana na mtoto huyo Oktoba, katika chumba kimoja, kwa mada moja, mbele ya jaji mmoja, na hayo huitwa mashindano ya haki. Husemwa kwamba kadi nyingi zinazotayarishwa kambini huwekwa bure kwenye intaneti. Ni kweli, na waliolianzisha jambo hilo wanastahili shukrani. Lakini kadi haimwambii mtoto amekosea wapi. Anayemwambia ni mkufunzi, tena mara ishirini, na mkufunzi yuko kambini. Julai inanunuliwa.

Uwezo haugawanywi kwa mfuko wa mzazi, na ushahidi upo. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Emory kilishirikiana na shule za umma za Atlanta kuanzisha ligi ya mdahalo kwa watoto wa mjini, na mfano huo ukaenea hadi miji mingine mikubwa. Uchunguzi wa mtafiti Briana Mezuk na wenzake kuhusu wanafunzi wa shule za umma za Chicago kati ya 1997 na 2007 ulionyesha kwamba walioshiriki mdahalo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza shule. Tena katika Atlanta hiyo hiyo, mwalimu wa mdahalo Brandon Fleming alianzisha mwaka 2017 mradi wa kuwaandaa vijana weusi kwa miezi mingi kabla ya kambi ya Harvard. Kundi la kwanza lilikwenda kiangazi cha 2018 na likatwaa ubingwa wa kambi. Makundi yaliyofuata yakautwaa tena. Hawakuwa wamezaliwa na akili mpya mwaka huo. Walikuwa wamelipiwa Julai yao.

Kwa hiyo walipiwe wengine! Vyuo vyenye mabweni yanayobaki na nafasi wakati wa kiangazi vizifungue nafasi hizo. Ligi za miji zipewe fedha kabla ya kiangazi, si baada yake. Walimu wasingoje mtoto mwenye sauti kubwa ajitokeze. Wamwite na yule mkimya anayeandika sana. Na wazazi wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kikenya na wa Kitanzania walioko Houston na Dallas, miji ambayo yote miwili ina ligi zake za mdahalo, wasikubali kuambiwa kwamba lafudhi ya mtoto ni kizuizi. Mtoto anayewatafsiria wazazi wake hospitalini na ofisini ameshazoea kusikiliza kwa makini kuliko wengi. Waende shuleni waulize kama kuna klabu ya mdahalo. Kama haipo, waidai. Kama ipo, waulize ufadhili wa kambi na punguzo la ada, na waulize mapema, wakati wa baridi, kwa maana fedha za ufadhili huwa chache na huwahi kuisha. Anayengoja Juni atakuta zimekwishagawiwa.