Kusoma Kiingereza kwa Kufahamu

Leo nazungumza nanyi waalimu wa Iringa mnaofundisha kusoma Kiingereza.

Mtoto wa Kihehe huja shuleni na lugha ya mama yake, kisha hupata Kiswahili, ambacho mwaka 1967 kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Akiingia sekondari, vitabu ni vya Kiingereza. Asiyefahamu asomacho atakwama hata katika jiografia, ingawa akili anazo.

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo: “cut” hutamkwa “kat”, lakini “put” haitamkwi “pat”. Kwa hiyo usianze na kitabu. Anza na kitu chenyewe. Shika mchele kiganjani, sema “rice”, nao waseme, ndipo uandike ubaoni. Huku kwetu ndimi nyingi hubadilisha r na l, basi waambie kuwa “lice” ni chawa. Watacheka sana, na hawatasahau.

Kusoma kwa kuitikia darasa zima mimi sikupendi. Wanne husoma, waliobaki hufuata sauti tu, na mwalimu hudhani wote wamejua. Afadhali wasome kimya mistari mitatu, kisha uliza: nani alikwenda sokoni? Alinunua nini? Mtoto akijibu kwa Kiswahili, au hata kwa Kihehe, mpokee, kwani amefahamu. Mpe maneno ya Kiingereza ya jibu lake, kisha ausome tena mstari ule kwa sauti.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuandika barua. Kwa herini.