Fimbo humfundisha mtoto kuficha
Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kikamkinga kila mtu dhidi ya adhabu hiyo. Nyumbani, mwiko bado unachapa. Watetezi wa fimbo husema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini kukunja si kupiga: mtoto wa miaka mitatu aliyemwaga uji akipewa kitambaa, anajifunza kupangusa; akichapwa, anajifunza kuficha kikombe. Huyo aliyezoea kuficha akifika kidato cha pili, mtu mzima asiyemjua akimtumia ujumbe mchafu kwenye simu, atamwambia nani? Wengine hujibu: “Sisi tulichapwa tukanyooka.” Huenda, ila waliochapwa wakapinda nao ni wengi. Wanaohofia mtoto kudeka wana hoja: kanuni lazima iwepo, na akiivunja, badala ya fimbo, simu aisalimishe hadi Jumatatu.