Jumba la Opera la Cairo na Gharama Zake

Haya ni maneno ya hotuba iliyoandaliwa kwa wasikilizaji wa Hadado, Wajir.

Wenyeji wa Hadado hawana haja ya kufundishwa nguvu ya maneno yaliyopangwa kwa ufundi. Mshairi wa Kisomali akisimama chini ya mti, watu humsikiliza hadi mwisho, mwenye ngamia wengi na asiye na hata mmoja wakiketi juu ya mchanga ule ule. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya nao walikuwa na mchezo wao wa kuimbwa, uitwao opera. Walakini wao waliujengea majumba, na ndani ya majumba hayo kila mtu aliketi kwa kadiri ya cheo na mfuko wake. Jumba moja la namna hiyo lilijengwa Cairo, na aliyelijenga ndiye aliyepeleka askari wake mpaka Kismayu.

Kwanza yafaa kueleza jinsi ukumbi wa opera ulivyokuwa. Umbo lake lilikuwa kama kiatu cha farasi. Chini, mbele ya jukwaa, palikuwa na safu za viti. Kuzunguka kuta, orofa juu ya orofa, palikuwa na vyumba vidogo vilivyo wazi upande wa ndani, ambavyo matajiri walivikodi kwa msimu mzima. Juu kabisa, karibu na dari, walibanana watu wa fedha kidogo. Vingi katika vyumba hivyo vilitazamana vyenyewe kwa vyenyewe kuliko vilivyotazama jukwaa, maana wakubwa walikwenda kutazama na kutazamwa. Kwa sababu hiyo taa za gesi ziliachwa zikiwaka ukumbini hata mchezo ulipoendelea. Gesi hiyo ilikuwa na hatari yake: tarehe 8 Desemba 1881 jumba la Ringtheater, mjini Vienna, liliungua na mamia ya watu wakafa. Mwaka ule ule jumba la Savoy, London, likaanza kutumia taa za umeme.

Sasa tukio la Cairo. Khedive Ismail, mtawala wa Misri tangu mwaka 1863, alitaka mji wake ufanane na miji ya Ulaya. Mfereji wa Suez ulipokaribia kufunguliwa, aliamuru jumba la opera lijengwe upesi. Likajengwa kwa muda wa miezi kama sita, sehemu kubwa kwa mbao, nalo likachukua watu wapatao 850. Lilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1869 kwa mchezo wa Rigoletto, na tarehe 17 mwezi ule ule mfereji ukafunguliwa.

Baadaye Ismail alimtaka Bwana Giuseppe Verdi, mtungaji mashuhuri wa Italia, atunge opera mpya, akamlipa faranga 150,000. Jina lake ni Aida. Ni hadithi ya binti wa mfalme wa Ethiopia aliyekuwa mtumwa Misri wakati wa vita kati ya nchi hizo mbili. Mavazi na mapazia yalitengenezwa Paris, yakazuiliwa huko Wajerumani walipouzingira mji, na kwa hiyo mchezo haukuonyeshwa mpaka tarehe 24 Desemba 1871. Usiku huo wake wa Khedive waliketi katika vyumba vyao nyuma ya shashi nyeupe, wakiona bila ya kuonekana. Hivyo desturi ya nyumba za Misri iliwekwa ndani ya jumba la Kizungu.

Jukwaani, Misri ilishinda. Lakini nje ya jukwaa mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1875 Ismail alituma majeshi pande mbili. Moja lilikwenda kwa merikebu mpaka Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Unguja. Waingereza wakamtaka aliondoe, nalo likarudi mapema mwaka 1876. Jingine liliingia Ethiopia, likashindwa vibaya Gundet mnamo Novemba 1875. Na jeshi lililofuata likashindwa Gura mnamo Machi 1876.

Novemba hiyo hiyo ya 1875, kwa kukosa fedha, Ismail aliiuzia serikali ya Uingereza hisa zake za mfereji kwa karibu pauni milioni 4. Mwaka uliofuata Misri ilishindwa kulipa wadeni wake. Jumba la opera peke yake halikuuleta msiba huo. Majumba, reli, mifereji na vita vyote vilijengwa juu ya mkopo mmoja baada ya mwingine, na mkulima wa Misri ndiye aliyetozwa kodi ya kuulipa, ingawa yeye hakuwa na kiti chini wala juu. Mwaka 1879 Ismail aliondolewa katika ufalme, na mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yakaingia Misri.

Jumba lenyewe lilidumu zaidi ya miaka 100, kisha mbao zake zikateketea kwa moto tarehe 28 Oktoba 1971. Mahali pake pakajengwa jengo la kuegesha magari, lakini uwanja ulio mbele yake ungali ukiitwa Uwanja wa Opera. Waswahili wana methali inayomfaa Khedive huyo, na inayomfaa kila mwenye mji atakaye kupendeza machoni pa wageni: kukopa harusi, kulipa matanga.