Utupa: Rafiki wa Shamba, Adui wa Ziwa



Sisi tuishio kandokando ya Ziwa Viktoria hapa Mwanza twala kwa jembe na kwa wavu. Tunapozungumzia dawa za mimea, hatuna budi kuwakumbuka mkulima na mvuvi pamoja.

Mkulima asiye na fedha za dawa ya dukani hakuachwa mikono mitupu. Mwarobaini huwazuia wadudu kula na kukua. Majani ya utupa yakitwangwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchujwa, hupunguza vidukari kwenye kunde. Unga wake mkavu huyalinda maharage ghalani. Tunyunyize jioni, kwa kuwa jua kali huidhoofisha dawa.

Lakini utupa ni mmea ule ule uliotumika tangu zamani kuulia samaki. Sumu yake huuzuia mwili wa samaki kutumia hewa. Basi asuuzaye bomba la dawa mtoni huhatarisha riziki ya jirani yake.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Waliotenda walikuwa wachache. Walioumia walikuwa wengi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza uvuvi huo.

Kwa hiyo, kila jumuiya ndogo ndogo ikubaliane mahali pa kuoshea vyombo vya dawa, mbali na maji. Haki ya mkulima haikamiliki ikiwa inamnyima mvuvi chakula.