Mganga Anapoendesha Teksi

Kanada humpima mhamiaji mwenye ujuzi kwa alama. Tangu Januari 2015, mfumo wa Express Entry huhesabu umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi. Mwenye alama za juu hualikwa kuomba ukaazi wa kudumu. Lakini anayetoa ukaazi siye anayetoa kazi, na hapo safari huanza upya.

Daktari aliyesomea Nairobi au Kinshasa hufanya mitihani, kisha hugombea nafasi chache za mafunzo hospitalini. Muuguzi na mhandisi husajiliwa na vyombo vya kila jimbo. Waajiri nao wamezoea kuuliza: una uzoefu wa Kanada? Utaupata wapi kabla ya kuajiriwa? Mwaka 2013, Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka kuwa sharti hilo, kwa mtazamo wa kwanza, ni ubaguzi.

Afanyeje mgeni? Aanze uhakiki wa vyeti vyake kabla ya kupanda ndege. Tena asikae na ndugu peke yao. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi hutoka kwa watu tunaofahamiana nao juu juu. Ndugu atakupa chai na godoro. Fununu ya kazi huenda ikatoka kwa mtu mnayesalimiana naye tu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Atapona vipi, ikiwa mganga anaendesha teksi?