Stima Ikipotea, Nani Atapoza Fueli?

Vijana wenzangu wa Kitale na Bungoma.

Najua wengine mmeona mada mkajiuliza, nyuklia na sisi wapi na wapi? Basi sikilizeni. Serikali kwanza ilitaka kujenga mtambo wa megawati 1,000 kule Uyombo, Kilifi. Wenyeji wakakataa, na Mei 2024 walipoandamana wakakutana na rungu za polisi. Mwaka 2025 macho yakahamia Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Hapo si mbali na sisi. Omena tunayonunua Chwele na soko la Kitale inatoka ziwa hilo hilo.

Kwanza tuondoe uongo. Mtambo wa nyuklia haulipuki kama bomu la Hiroshima, na wale wanaosambaza video za namna hiyo kwenye WhatsApp wanatuharibia hoja. Hatari yake kubwa ni joto.

Fueli ya nyuklia ni vidonge vya urani vilivyopangwa ndani ya mirija myembamba ya metali. Pikipiki ukiizima, injini inapoa yenyewe. Mtambo wa nyuklia ukiuzima, fueli inaendelea kutoa joto, mara tu baada ya kuzimwa kama asilimia 6 ya nguvu zake zote, kwa hiyo lazima maji yazidi kuzungushwa. Hata ikishachoka na kutolewa, fueli hiyo inalazwa ndani ya bwawa refu la maji kwa miaka kadhaa, pampu zikifanya kazi usiku na mchana, ndipo iweze kuhamishiwa kwenye mapipa mazito ya chuma na zege. Pampu zinataka stima.

Hapo ndipo Fukushima ilipoharibika. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilikata stima ya gridi, jenereta zikawaka vizuri, halafu chini ya saa moja baadaye tsunami ikaja ikazizamisha. Fueli ya mitambo mitatu ikayeyuka. Mtambo wa nne ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, fueli yake yote iko bwawani, na bado dunia nzima ilikesha ikihofia lile bwawa litakauka. Helikopta zilimwaga maji kutoka juu. Kuitoa fueli ile kulimalizika Desemba 2014.

Sasa turudi nyumbani. Mnakumbuka usiku wa 25 Agosti 2023? Kenya karibu yote iliingia gizani, na pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ikakataa kuwaka. Abiria walikaa gizani wakingoja. Fueli iliyo ndani ya mtambo haingoji, ina masaa tu. Watetezi wa mradi watawaambia mitambo mipya inaweza kujipoza bila stima, mingine kwa siku tatu. Ni kweli. Basi waulizeni: ni mtambo wa aina gani mnataka kununua, na siku ya nne je?

Kuna wanaosema Nzoia inateremka kutoka huku kwenda ziwani, kwa hivyo maji ya Siaya hayawezi kupanda Webuye. Sawa, mto haupandi. Upepo je? Chernobyl iliungua 26 Aprili 1986, na wafugaji wa kondoo kule Wales, zaidi ya kilomita 2,000, waliwekewa masharti ya kuuza mifugo yao mpaka 2012. Miaka 26! Mtu wa Trans Nzoia anayeishi kwa maziwa na mahindi anaelewa hesabu hiyo bila mwalimu. Na kuhama tunakujua pia, baada ya vurugu za Mlima Elgon na zile za 2007. Fukushima watu zaidi ya 150,000 walihama, na wazee wengi walikufa kwa sababu ya ule uhamishaji wa pupa wala si mionzi.

Lakini hata tusipopata ajali hata moja, ile fueli itabaki. Plutoni iliyomo inachukua miaka 24,000 kupungua nusu. Ufini wamechimba mwamba zaidi ya mita 400 chini kwenda kuizika. Marekani, pamoja na pesa zake zote, ilichagua mlima wa Yucca mwaka 1987 na mpaka leo haijazika hapo kitu. Sisi hapa tumeishi na kiwanda cha karatasi Webuye, harufu na mabati yaliyoliwa na kutu, kisha 2009 kikafungwa, wafanyakazi wakabaki mikono mitupu. Kiwanda kinaweza kufungwa. Bwawa la fueli haliwezi kufungiwa kufuli.

Mimi sipingi stima. Napinga ardhi kutolewa kabla swali la taka kujibiwa kwa maandishi. Shirika linalosimamia mpango huu ni NuPEA, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuliuliza: fueli iliyotumika itawekwa wapi, nani atalipia ulinzi wake, na mpango wa dharura unafika kaunti zipi? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika, ofisa anatakiwa kumsaidia. Fomu za mfano ziko mezani pale mlangoni, chukueni na za nyumbani.