Nondo, Nguzo na Harambee: Utunzaji wa Makanisa ya Usasa katika Kitale na Bungoma



Nimeombwa nizungumzie makanisa ya mtindo wa usasa, yale ya miaka ya 1960 na 1970 ambayo mgeni akiyaona huuliza kama ni kanisa au ni ghala la nafaka. Niseme mapema ninakoelekea: kinachoyaharibu zaidi makanisa haya ni harambee. Mvua huchukua miaka kuvujisha paa, lakini kamati ya ujenzi ya parokia yenye fedha inaweza kulipoteza jengo kwa msimu mmoja.

Mfano wangu uko ng'ambo ya mpaka wa Malaba, nchini Uganda. Kanisa la Mashahidi la Namugongo, ambako mahujaji kutoka Kenya hufika kila tarehe 3 Juni, lilichorwa na Justus Dahinden, msanifu majengo wa Uswisi, likafunguliwa mwaka 1975. Umbo lake limetokana na nyumba ya msonge ya Waganda. Nguzo zake ni 22, kwa sababu mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964 ni 22. Altare ipo mahali panaposemekana mmoja wao, Karoli Lwanga, alichomewa moto mwaka 1886. Sasa aje mfadhili mwenye nia njema, aone nguzo mbili zinawabana mahujaji, ajitolee kulipa gharama za kuziondoa. Mhandisi huenda akapata njia ya kulibeba paa bila hizo mbili. Lakini ni mashahidi gani wawili tutakaowafuta?

Dahinden huyo huyo alichora kanisa la Mityana, magharibi ya Kampala, la mwaka 1972. Pale kuna vipande vitatu vya tufe vilivyosimama pamoja, kwa heshima ya mashahidi watatu wa eneo lile: Noa Mawaggali, Matia Mulumba na Luka Banabakintu. Ukiongeza cha nne ili upate ukumbi wa vijana, umebadilisha hesabu ya imani.

Wakati ule makanisa kadhaa yalichorwa kwa mtindo mpya kwa sababu inayojulikana. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyotaka waumini washiriki ibada kikamilifu badala ya kuitazama kwa mbali. Wasanifu wakaisogeza altare karibu na watu na kuyapanga mabenchi kama nusu duara. Kwa hiyo mnapotaka kuirudisha altare ukutani na kujenga jukwaa refu la kwaya, jueni kwamba mnalijibu swali ambalo jengo lilikwisha kulijibu. Mna haki ya kulijibu vingine, ila mfanye hivyo mkijua.

Hata usasa wenyewe ulikuja na tingatinga. Kanisa la Familia Takatifu jijini Nairobi, lililochorwa na Dorothy Hughes na kukamilika mwaka 1963, lilichukua nafasi ya kanisa la mawe la mwanzoni mwa karne ya 20. Waliolibomoa hawakuwa watu wabaya. Waumini walikuwa wameongezeka na nafasi ilihitajika. Hoja hiyo hiyo naisikia leo katika vikao vyetu, na kwa kweli ni hoja nzito.

Tukiamua kulitunza jengo, tujue kwamba zege lina ugonjwa wake. Hewa ikipenya taratibu hufikia nondo, unyevu ukiingia nondo hushika kutu, na kutu hiyo hufura hadi zege linabanduka vipande. Dawa ya haraka ya mafundi wengi ni kupiga plasta juu na rangi ya mafuta. Plasta hiyo huficha kidonda, na rangi hufungia unyevu ndani. Kazi halisi ni kubomoa sehemu iliyolegea, kuisugua nondo mpaka ing'ae, kisha kujaza upya kwa mchanganyiko unaolingana na wa zamani. Na kabla ya yote hayo, zibueni mifereji. Kwa mvua za huku chini ya Mlima Elgon, mfereji ulioziba huleta hasara kubwa kuliko umri. Paa la asbestosi ni jambo jingine: kisheria asbestosi ikiondolewa ni taka hatari, haing'olewi kwa nyundo za vijana wa kujitolea siku ya Jumamosi.

Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, yenye paa la msonge la aina ile iliyomvutia Dahinden, yaliteketea Machi 2010. Yamejengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hilo liliwezekana kwa kuwa ujuzi wa kuezeka ulikuwa bado hai katika ukoo wa Ngeye. Jengo la zege halina ukoo kama huo. Ujuzi wake umo katika michoro, inayoonyesha nondo zimelala wapi na zina unene gani. Na michoro yetu imetawanyika. Jimbo la Kitale lilimegwa kutoka Eldoret mwaka 1998. Bungoma lilimegwa kutoka Kakamega mwaka 1987, na Kakamega nalo kutoka Kisumu mwaka 1978. Karatasi za kanisa la zamani huenda ziko mji mwingine, au Ireland kwa Wamisionari wa Mtakatifu Patrick, au kwa Wamisionari wa Mill Hill huko Uingereza. Barua ya kuulizia ni nafuu kuliko mfuko mmoja wa simenti.

Kuhusu sheria, wengi hudhani jengo la kihistoria linalolindwa lazima liwe la kale. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa kuwa turathi, mradi lina thamani ya kihistoria, kitamaduni au ya usanifu. Sheria za Kanisa nazo, kanuni ya 1216, zinataka ushauri wa wataalamu katika ujenzi na ukarabati. Mtaalamu si mjomba wa katibu mwenye duka la vigae.

Napendekeza kila kamati iliyo hapa, kabla ya kutangaza harambee ijayo, ipige picha jengo lake ndani na nje, iwahoji mafundi waliolijenga ambao bado wako hai, na iandike ukurasa mmoja tu: kipi kina maana, kipi ni cha kawaida. Choo, uzio na maegesho ni vya kawaida, hivyo mfadhili apelekwe huko kwanza.